Ua wa Mianzi: Karibu na Kiti, Mbali na Bomba

Maelezo yaliyoandaliwa kusomwa katika mikutano ya wakazi wa mitaa ya Eastlands, Nairobi



Mazungumzo ya leo yanahusu mwanzi. Mwanzi wa msituni una siku yake, na wa shambani una wataalamu wake. Huu wa leo ni ule unaopandwa nyuma ya nyumba ili watu walio kwenye madirisha ya juu wasimwone mama anapoanika nguo, wala baba anapokunywa chai yake ya jioni.

Haja hiyo ni ya kweli, na haikuwepo mitaa hii ilipojengwa. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940 kwa mpango wa mji wa bustani, nyumba zikiwa chini na nafasi za kijani katikati. Buruburu ilijengwa kwa awamu tano katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kila familia ikiwa na kijibustani mbele na kiuwanja nyuma. Wakati huo jirani alikuwa akikuona kwa juu ya ua wa kayaba, mnasalimiana, yanaisha. Siku hizi, kuanzia Umoja hadi Donholm na Kayole, ploti nyingi zimepanda ghorofa nne, tano au zaidi. Nyumba ya chini iliyobaki katikati inatazamwa kutoka pande tatu.

Mwenye nyumba hiyo ana njia chache. Ukuta wa mawe ukiongezwa urefu unahitaji idhini na msingi wa kuubeba, na unazuia upepo na mwanga. Mabati hupiga kelele upepo ukivuma na hugeuza uwanja kuwa tanuri saa saba mchana. Kayaba ni imara, lakini ina miiba na huchukua miaka. Mwanzi hukua haraka, hukaa kijani mwaka mzima, na hupanda juu bila kuhitaji nafasi pana kama mti. Aidha, mwaka 2020 serikali ya taifa iliingiza mianzi katika orodha ya mazao ya biashara, na tangu hapo miche imezidi kuonekana kwenye vitalu vya kando ya barabara.

Ndiyo sababu maelezo haya yameandaliwa. Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu mianzi ni wa mtu mwenye ekari. Eastlands mtu ana mita chache za udongo, ukuta anaoshiriki na jirani, na bomba la majitaka linalopita chini ya nyumba kumi kabla ya kufika barabarani. Mche uleule unaweza kuwa pazia zuri au kesi mbele ya chifu. Tofauti hutokana na mambo matatu: ni aina gani, umepandwa wapi, na nani atakayeukata.

Aina gani

Mwanzi ni nyasi. Hauna mzizi mmoja mkuu kama mwembe. Chini ya ardhi una shina linalolala, lenye vifundo na macho, na kutoka kwenye macho hayo ndipo machipukizi hutokea. Tabia ya shina hilo la chini ndiyo inayogawanya mianzi katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni mianzi ya kichaka. Shina lake la chini ni fupi na nene, hupinda juu mara moja, na kila chipukizi hutokea karibu na mama yake. Kichaka hunenepa pole pole, kwa hatua ambazo mtu anaziona na kuzizuia kwa panga.

Kundi la pili ni mianzi ya kutambaa. Shina lake la chini ni refu na jembamba, huenda mbali kwa kujificha, kisha huchomoza mahali ambapo hakuna aliyeutarajia: katikati ya sukuma wiki, kwenye ufa wa saruji, au upande wa pili wa ukuta kwa jirani. Mashina hayo kwa kawaida hayaendi chini sana. Mengi hukaa katika sentimita 30 za juu za udongo, lakini msingi wa ukuta wa ploti ukiwa mfupi au una nyufa, hupita.

Mwuzaji wa miche anaweza asijue anauza kundi gani, kwa hiyo ni vyema mnunuzi ajue kutazama. Mianzi ya kutambaa inayopatikana sana duniani ni ya jamii ya Phyllostachys, ambayo asili yake ni China, na mmoja wao ni ule unaoitwa mwanzi wa dhahabu, Phyllostachys aurea. Alama zake ni mbili. Kwanza, kila kifundo chenye matawi kina matawi makuu mawili, moja kubwa kuliko lingine. Pili, ukipitisha kidole kwenye pingili iliyo juu ya matawi hayo utahisi mfuo, kana kwamba shina limefinywa upande mmoja. Mwanzi wa dhahabu huwa pia na pingili za chini zilizobanana, fupi fupi na zisizo sawa. Ukiona alama hizo, mche huo usiuingize kwenye ploti isipokuwa ndani ya chombo kilichofungwa vizuri. Mianzi ya jamii ya Bambusa ina shina la mviringo lisilo na mfuo, na matawi mengi hutoka kwenye kifundo kimoja. Hiyo ni ya kichaka.

Hata hivyo, si kila mwanzi wa kichaka unafaa ploti ndogo. Ule wa manjano wenye mistari ya kijani, ambao watu huupenda kwa rangi yake, ni Bambusa vulgaris. Hautambai, lakini hufika mita 10 hadi 20. Huo ni wa uwanja wa shule au wa kanisa. Dendrocalamus giganteus hupita mita 25, na shina lake moja ni mzigo wa watu wawili. Kwa upande mwingine, mwanzi wetu wa asili unaoota Aberdare, Mlima Kenya na Mau umezoea baridi ya mita 2,400 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na Eastlands iko karibu mita 1,600. Hautafurahi hapa.

Kwa kiuwanja cha nyuma, aina inayofaa zaidi ni ile fupi ya kichaka, kama Bambusa multiplex, inayofika mita 3 hadi 7 na ambayo imetumiwa kama ua katika nchi nyingi za joto. Kama kitalu hakiwezi kueleza mche wake ni wa aina gani, omba kuonyeshwa mama yake. Kichaka mama hakidanganyi: ama mashina yake yamekumbatiana, ama yametawanyika uwanja mzima.

Wapi

Watu wengi hukimbilia kupanda mwanzi mpakani, ukutani kabisa. Hapo ndipo mahali pagumu kuliko pote. Uko karibu na jirani, karibu na msingi, na mara nyingi karibu na bomba. Isitoshe, hapo ndipo mwanzi unapohitaji kuwa mrefu kuliko mahali pengine popote.

Hesabu yake ni rahisi. Mtu ameketi uani, macho yake yako mita 1.2 kutoka ardhini. Umbali wa mita 15 kutoka kwake kuna jengo, na dirisha linalomsumbua liko mita 12 juu, yaani kama ghorofa ya nne. Akipanda mwanzi ukutani, mita 6 kutoka kwenye kiti chake, mwanzi huo utahitaji kufika mita 5 na nusu ndipo uzibe dirisha hilo. Akiupanda mita 2 tu kutoka kwenye kiti, mita 2.7 zinatosha. Kinachomkinga ni kile kilicho karibu na macho yake, kama vile ukingo wa kofia unavyozuia jua lote.

Mwanzi wa mita 2.7 unaweza kuwekwa ndani ya pipa. Unakatwa na mtu aliyesimama kwenye stuli. Haufiki nyaya za umeme, haumwagi majani kwenye paa la jirani, na mwenye nyumba akihama, anahama nao. Kwa hiyo kabla ya kununua mche wowote, keti pale unapoketi kila siku, au simama penye kamba ya nguo, utazame ni dirisha gani hasa linalokuona. Mara nyingi utakuta ni mawili au matatu tu, na vichaka viwili vinatosha mahali ulipodhani unahitaji kumi.

Jambo la pili kuhusu mahali ni mabomba. Mizizi ya mwanzi haitoboi bomba zima lisilo na ufa. Lakini mabomba ya zamani yana maungio mengi, na pale panapovuja, udongo huwa na unyevu na mbolea. Mizizi hufuata unyevu huo, ikaingia kwenye ungio, ikajaa ndani kama nywele kwenye chujio. Bomba likiziba, maji machafu hayarudi kwa aliyepanda peke yake. Hurudi kwa yule aliye chini kuliko wote kwenye mstari, ambaye pengine hana hata jani moja la mwanzi. Kwa hiyo tafuta kwanza vifuniko vya majitaka vya pande zote mbili za nyumba, uvute mstari kati yake kwa kamba, na usipande mwanzi ardhini katika mita 3 za mstari huo. Ploti isiyo na nafasi hiyo ni ploti ya mapipa.

Jambo la tatu ni udongo wetu. Sehemu kubwa ya Eastlands ina udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Mwanzi unapenda maji lakini haupendi kusimama ndani ya maji. Anayepanda ardhini atengeneze tuta lililoinuka sentimita 20 au 30, achimbe shimo la sentimita 60 kwa 60, achanganye udongo na samadi iliyooza, na aache mita 1 hadi 1.5 kati ya mche na mche na angalau mita 1 kutoka ukutani. Mita hiyo moja ni njia ya kupita na panga. Kichaka kilichobanwa ukutani hakikatiki upande wa nyuma, na upande wa nyuma ndiko kwa jirani.

Anayepanda ndani ya chombo anaweza kukata pipa la lita 200 katikati na kupata vyungu viwili. Toboa matundu chini, weka kokoto, na uliinue pipa juu ya matofali. Matofali hayo si ya urembo. Pipa likikaa juu ya udongo, shina la chini litapita kwenye matundu na kuingia ardhini bila mtu kujua. Mwanzi wa pipa hunywa maji mengi, na wakazi wa mitaa hii wanajua jinsi maji yanavyokuja kwa zamu. Maji ya kusuuza nguo yanafaa, mradi hayana dawa ya kung'arisha. Majani makavu yanayoanguka yaachwe juu ya udongo, kwa kuwa hulinda unyevu. Kila baada ya miaka miwili au mitatu, toa kichaka, kigawanye kwa msumeno, na urudishe nusu.

Nani atakayeukata

Mwanzi hupandwa siku moja na kutunzwa kila msimu wa mvua. Machipukizi hutokea hasa wakati wa mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba. Chipukizi hutoka ardhini likiwa na unene wake wote wa maisha. Halinenepi tena, hurefuka tu, na katika miezi michache linafikia urefu wake kamili. Kwa hiyo dirisha la kuamua ni fupi. Chipukizi lenye urefu wa futi moja huvunjwa kwa mkono. Likiachwa hadi mvua iishe, linahitaji msumeno. Samaki mkunje angali mbichi.

Katika kila msimu wa mvua, zunguka kichaka mara moja kwa juma na uvunje machipukizi yaliyotoka nje ya mstari wako. Vaa glavu na shati la mikono mirefu, kwa sababu magamba ya machipukizi ya aina nyingi yana vinyweleo vinavyowasha ngozi. Kuanzia mwaka wa tatu au wa nne, toa kila mwaka theluthi moja ya mashina, ukianza na yale ya zamani zaidi. Kata chini kabisa, juu kidogo tu ya kifundo. Ukikata katikati ya pingili unaacha kikombe, kikombe kinashika maji ya mvua, na maji hayo ni nyumba ya mbu.

Mashina yaliyokomaa yasitupwe. Yanafaa kuwa nguzo za nyanya na maharagwe, ngazi nyepesi, kichanja cha vyombo au banda la kuku. Usiyachome yakiwa mazima, kwa maana hewa iliyofungwa ndani ya pingili ikipata moto hulipuka, na vipande hurukia watoto. Usitupe mashina ya chini mtoni wala kwenye uwanja wa wazi, kwa kuwa kipande chenye jicho kimoja kinaweza kuota. Yaanike juu ya saruji au mabati hadi yakauke kabisa.

Wako pia wanaouliza kama machipukizi yanaliwa. Watu wa Mlima Elgon, upande wa Uganda na wa Bungoma, wana kitoweo chao cha mwanzi kinachofahamika kama malewa, na hukiandaa kwa utaratibu wanaoujua tangu zamani. Machipukizi mengi yakiwa mabichi yana sumu inayoondolewa kwa kupikwa ipasavyo. Yale yaliyoota karibu na mtaro wa majitaka yaachwe kabisa.

Kwa aliyekwisha kupanda

Baadhi yenu mtatoka hapa na kukuta kwamba mwanzi ulio nyumbani ni ule wa kutambaa. Hakuna haja ya hofu, lakini kuna kazi.

Kama bado ni mchanga, ung'oe sasa na uuweke kwenye pipa. Kama umeshika na unataka kuubakiza, chimba mtaro kuuzunguka wenye kina cha sentimita 60 hadi 75, usimamishe humo plastiki ngumu na nene isiyo na kiungo kilicho wazi, na ukingo wake ubaki sentimita 5 juu ya ardhi. Ukingo huo ndio mlinzi wako: shina la chini likifika hapo hulazimika kupanda juu, nawe unaliona na kulikata. Usitumie mabati, maana yataoza. Njia isiyo na gharama ni mtaro ulio wazi, wa kina cha sentimita 30, unaokaguliwa kabla na baada ya kila mvua.

Kama unataka kuumaliza, kata mashina yote, lowesha udongo, uchimbue kwa sururu na ufuate kila shina la chini hadi mwisho wake. Yatakayochipuka tena, yakate kabla hayajatoa majani. Majani ndiyo yanayourudishia mwanzi chakula. Ukinyimwa majani kwa misimu kadhaa mfululizo, unachoka na kufa. Atakayekata mwaka huu na kusahau mwaka ujao amefanya kazi bure.

Na kama shina limekwisha kuvuka ukuta, nenda kwa jirani kabla yeye hajaja kwako. Mwonyeshe liko wapi, mkubaliane siku ya kulichimba, na mwenye mwanzi alete sururu na alipe fundi wa saruji ikibidi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mkishindwa kuelewana, mwenyekiti wa chama cha wakazi, msimamizi wa wadi na chifu wapo.

Wapangaji wana jambo lao. Katika mitaa ya nyumba za kaunti, kama Kaloleni, Jericho na Maringo, ardhi si ya anayeishi hapo, na ofisi ya mtaa iulizwe kabla ya jembe kugusa ardhi. Katika nyumba za kibinafsi, aulizwe mwenye nyumba. Mpangaji hukaa miaka miwili akahama, lakini mwanzi wa ardhini hubaki, na atakayeurithi hana habari ni wa aina gani. Mpangaji apande kwenye pipa.

Wanaoishi kando ya Mto Nairobi na Mto Ngong wakumbuke kwamba ukingo wa mto si sehemu ya ploti. Ni kweli mianzi hushika udongo wa kingo vizuri, lakini upandaji huo ni wa mpango wa pamoja. Mtu akizungushia ukingo wa mto ua wake mwenyewe amefunga njia ya maji, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalionyesha maji huenda wapi yakifungiwa njia.

Kwa ushauri wa aina na miche, Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, yenye makao yake makuu Muguga, imeshughulika na mianzi kwa miaka mingi. Afisa wa kilimo wa kaunti ndogo anaweza kutazama uwanja wako. Bomba likiziba, usichokoe kwa mtaimbo. Ripoti kwa Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi, na useme wazi kama kuna mwanzi karibu, ili mafundi waje na kifaa kinachofaa.

Kwa leo, kazi ya nyumbani ni tatu, na zote hazihitaji shilingi. Tafuta vifuniko vya majitaka vya pande zote mbili. Keti kwenye kiti chako na uhesabu madirisha yanayokuona. Kisha mpigie hodi jirani wa ukuta mmoja umweleze unachotaka kupanda. Akikubali, una mtu wa kukuambia chipukizi likitokea upande wake. Mvua inakaribia, na miche itaonekana kando ya barabara kabla ya wiki nyingi kupita.

Sasa ni zamu ya maswali.